Kompyuta ya Kwanta na Swali la Mtoto wa Darasa la Sita

Utangulizi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya darasa la sita, katika shule moja ya msingi hapa Kashozi, daftari la tathmini likiwa mapajani. Mwanachuo wetu alikuwa akifundisha somo la maada. Alivunja kipande cha chaki kikawa viwili, kisha vinne, kisha vinane, hata vidole vyake vikajaa vumbi. Mtoto mmoja wa kike akanyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, tukiendelea kuikata chaki bila kuacha, mwisho tutakuta nini? Na hicho tutakachokikuta kinafanya nini?"

Mwanachuo alitutazama. Sisi, kwa kuchelea kwamba muda wa kipindi ungepotea, tulitikisa kichwa. Naye akamjibu mtoto kwamba mambo hayo atayasoma sekondari. Mtoto akaketi. Somo liliendelea sawasawa na andalio lake, lakini mkono ule haukunyooshwa tena hadi kengele ilipolia. Katika daftari letu tuliandika kwamba mwanachuo alizingatia muda. Hatukuandika kwamba sisi ndio tuliolizima swali.

Makala haya ni jibu tulilolikosa siku ile. Yamekusudiwa kumsaidia mwalimu mtarajiwa wa shule ya msingi, wala hayamtaki awe mwanafizikia. Tutaeleza jinsi wataalamu wa leo wanavyolifuatia swali lile lile la mtoto, na hasa jinsi walivyoanza kulifuatia kwa kompyuta ya kwanta. Kisha tutaona kazi yao inatufundisha nini sisi tunaosimama mbele ya ubao.

1. Chaki inapokwisha kukatika

Sehemu ya kwanza ya swali ina jibu fupi. Chaki imejengwa kwa atomu za aina mbalimbali, na mojawapo ni atomu za kalsiamu, madini yale yale yanayoimarisha mifupa na meno. Ndani ya atomu mna kiini, na elektroni ziko nje yake. Kiini nacho kina protoni na nyutroni, na hizo zimejengwa kwa chembe ziitwazo kwaki. Elektroni na kwaki hazijapata kugawanywa na mtu yeyote. Kwa kadiri ya maarifa ya leo, hapo ndipo ukataji unapokoma.

Chembe hizo hazikatwi kwa kisu. Njia iliyopo ni kuzipa mwendo mkubwa mno, kuzigonganisha, kisha kuchunguza kinachotoka katika mgongano huo. Elimu hiyo huitwa fizikia ya nishati kubwa. Kituo chake mashuhuri ni CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na mji wa Geneva. Hapo pana mtambo uliojengwa ndani ya handaki la mviringo lenye urefu wa kilometa 27, ulioanza kazi mwaka 2008. Tarehe 4 Julai 2012 watafiti wa CERN walitangaza kwamba wameipata chembe mpya, nayo ndiyo chembe ya Higgs, iliyokuwa imetabiriwa kwa hesabu tangu mwaka 1964.

Ugumu wa kuipata chembe hiyo twaweza kuueleza kwa jambo ambalo kila mtoto wa Kagera analijua. Msimu wa senene unapofika, taa moja kali huwavuta kwa maelfu. Fikirini kwamba katika magunia na magunia ya senene wa kijani na wa kahawia, mtu anamtafuta mmoja tu wa rangi adimu. Katika mtambo wa CERN migongano inaweza kufikia takriban bilioni moja kwa sekunde, na ile yenye jambo jipya ni michache mno.

2. Mahali hesabu inapolemewa

Sehemu ya pili ya swali, yaani chembe hizo zinafanya nini, ndiyo inayowasumbua wataalamu. Sheria zinazoziongoza chembe zinajulikana kwa sehemu kubwa. Taabu ni kukokotoa yatakayotokea chembe nyingi zinapokuwa pamoja.

Chukueni bao lenye mashimo 32 na debe la maharage. Katika shimo la kwanza tieni maharage 2, la pili 4, la tatu 8, na kuendelea hivyo, kila shimo likipewa maradufu ya lile lililotangulia. Shimo la kumi litataka maharage 1,024. Shimo la ishirini litataka 1,048,576. Shimo la 32 litataka 4,294,967,296, nayo mavuno ya kijiji kizima hayataweza kulijaza.

Ndivyo zilivyo hesabu za chembe. Kila chembe moja inayoongezwa huongeza kwa maradufu idadi ya tarakimu zinazopaswa kuandikwa ili kueleza hali ya kundi zima. Kwa chembe 50 zenye hali mbili mbili, tarakimu hizo huzidi bilioni moja mara milioni moja. Kwa chembe 300 huzidi hata idadi inayokadiriwa ya atomu zote za ulimwengu unaoonekana. Hakuna kompyuta ya kawaida, hata ikiwa kubwa namna gani, itakayoziandika zote.

Tusiseme, hata hivyo, kwamba kompyuta za kawaida hazifai. Kwa kutumia njia za werevu, mwaka 2008 watafiti wa Ulaya walikokotoa kwa kompyuta hizo uzito wa protoni kutokana na sheria za kwaki, na jibu lao likakubaliana na vipimo. Lakini wakitaka kufuatia tukio la chembe nyingi hatua kwa hatua, kadiri muda unavyopita, mara nyingi njia hizo huwashinda.

3. Kasha la udongo

Mwalimu wa jiografia anayetaka kuonyesha mmomonyoko wa udongo hafanyi hesabu ya kila tone la mvua linaloanguka juu ya vilima vya Kashozi. Huchukua makasha mawili, akayajaza udongo na kuyainamisha. Moja huliotesha nyasi, la pili huliacha tupu. Kisha hunyunyiza maji. Watoto huona wenyewe udongo ukibebwa na maji katika kasha tupu. Kasha halikukokotoa chochote. Limefuata tu sheria zile zile zinazokifuata kilima. Na kasha hilo lafaa kwa sababu lina udongo. Tukilijaza kokoto, halitatuambia neno juu ya shamba la migomba.

Hilo ndilo wazo alilolitoa mwanafizikia wa Marekani, Richard Feynman, katika mkutano wa mwaka 1981. Alisema kwamba anayetaka kuiga mwenendo wa chembe ndogo kabisa heri aunde mashine ambayo yenyewe inafuata sheria za chembe hizo. Sheria hizo huitwa sheria za kwanta, na mashine ya namna hiyo ndiyo kompyuta ya kwanta.

Kompyuta ya kawaida hufanya kazi kwa biti. Biti ni kama taa: ama imewashwa ama imezimwa, yaani 1 au 0. Kompyuta ya kwanta hutumia kyubiti. Kabla ya kupimwa, kyubiti huelezwa kwa viwango viwili, kimoja cha 0 na kimoja cha 1, na viwango hivyo vina tabia ya mawimbi. Ikipimwa hutoa jibu moja tu, 0 au 1. Kyubiti kadhaa zaweza pia kufungamana, hata isiwezekane kueleza hali ya moja bila kuzitaja nyingine. Na hapo ndipo hesabu ya maharage inapoanzia.

Tabia ya mawimbi yaweza kuonyeshwa kwa karai la maji lililotulia. Mtoto achovye vidole viwili mbalimbali kwa pamoja. Mgongo wa wimbi unapokutana na mgongo wa wimbi la pili, maji huinuka zaidi. Mgongo unapokutana na bonde, maji hutulia. Mtaalamu wa kompyuta ya kwanta huyapanga mawimbi ya kyubiti ili majibu mabaya yafutane na majibu mema yaimarishane. Hapa twawaonya wanachuo dhidi ya usemi ulioenea, kwamba kompyuta ya kwanta hujaribu majibu yote kwa mara moja kisha ikachagua lililo sahihi. Usemi huo hupotosha. Kupima huleta jibu moja tu, na pasipo kuyapanga mawimbi jibu hilo litakuwa la kubahatisha.

4. Kazi iliyofanyika Innsbruck

Mwaka 2016 watafiti wa mji wa Innsbruck, nchini Austria, walitangaza kwamba wametumia kompyuta ndogo ya kwanta kuiga tukio la fizikia ya nishati kubwa. Kyubiti zao zilikuwa nne tu, na kila kyubiti ilikuwa atomu moja ya kalsiamu iliyoondolewa elektroni moja. Atomu ya namna hiyo huitwa ioni. Ioni hizo ziliwekwa katika mstari, zikaning'inizwa mahali pasipo hewa kwa nguvu za umeme, na kuongozwa kwa mwanga wa leza.

Msomaji amekwisha kuona kwamba hayo ni madini yaliyomo katika chaki ya mwanachuo wetu. Mtoto aliuliza tutakuta nini tukiikata chaki bila kuacha. Wenzetu wa Innsbruck waliishika atomu mojamoja ya kalsiamu, nao wakaiuliza inafanya nini.

Tukio waliloliiga ni hili. Sheria za fizikia zasema kwamba mahali patupu penye nguvu kubwa ya umeme pasipo kitu kingine, nishati yaweza kugeuka kuwa maada: elektroni hutokea pamoja na chembe kinyume chake, iitwayo pozitroni. Jambo hilo lilifanyiwa hesabu na Julian Schwinger mwaka 1951. Watafiti walizipanga ioni ili hali ya kila moja iwakilishe kuwapo au kutokuwapo kwa chembe. Wakatazama, hatua kwa hatua, jinsi utupu unavyozaa jozi za chembe na jinsi jozi hizo zinavyotoweka tena. Hakuna pozitroni iliyozaliwa mle chomboni, kama vile hakuna kilima kilichomomonyoka ndani ya kasha letu. Hata hivyo mwenendo ulikuwa mmoja.

Yapasa tuseme kweli juu ya mipaka ya kazi hiyo. Hesabu ya ioni nne ina viwango 16 tu, hata kompyuta ndogo ya kawaida huimaliza mara moja. Ulimwengu ulioigwa ulikuwa wa mstari mmoja, usio na upana wala kimo. Thamani ya jaribio ilikuwa kuthibitisha kwamba njia yenyewe inapitika. Tangu hapo mashine zimekua, lakini kyubiti bado ni dhaifu: joto kidogo au mtikiso mdogo wa mazingira huharibu hali yake na kuleta makosa, na kazi kubwa ya wataalamu ni kuyapunguza na kuyasahihisha.

Ndivyo ilivyo pia katika kuchambua migongano, yaani kumtafuta yule senene wa rangi adimu. Mwaka 2017 watafiti walitangaza jaribio la kutenga dalili za chembe ya Higgs kwa mashine ya kwanta ya kampuni ya D-Wave. Kwa jumla matokeo yalilingana na yale ya njia za kawaida, hayakuyapita kwa dhahiri. CERN yenyewe ilianzisha mpango maalumu wa teknolojia za kwanta mwaka 2020. Kwa hiyo mwalimu asiwaambie watoto kwamba kompyuta ya kwanta imekwisha kuyatatua mafumbo ya chembe. Awaambie kwamba ni kasha jipya la udongo, na kwamba watu wangali wanajifunza kulitumia.

5. Swali la Mpemba

Innsbruck pana jambo la pili, nalo linatuhusu Watanzania kwa karibu zaidi.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari. Desturi ilikuwa kuyaacha maziwa yapoe kwanza. Siku moja Mpemba, akiogopa kukosa nafasi katika jokofu, aliyatia yangali moto. Akaona yake yameganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa yakiwa baridi zaidi. Alimwuliza mwalimu wake, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akajibiwa kwa kejeli kwamba fizikia hiyo ni ya kwake peke yake, nao wenzake wakalifanya jambo hilo mzaha.

Mpemba hakunyamaza. Alichukua bilauri mbili ndogo za maabara, akalipima jambo hilo mwenyewe. Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, alipoitembelea shule, Mpemba alimwuliza mbele ya watu wote. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne naye hakuwa na jibu, lakini aliahidi kulijaribu jambo hilo, na aliporudi Dar es Salaam akaagiza lipimwe. Mwaka 1969 makala ya Mpemba na Osborne yalichapishwa katika jarida la Uingereza linalohusu ufundishaji wa fizikia. Tangu hapo jambo hilo likajulikana duniani kwa jina la Mpemba.

Kuhusu maji, wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza waliandika kwamba hawakupata ushahidi wa kutosha. Lakini mwaka 2020 watafiti wa Kanada walionyesha, kwa punje ndogo sana ya kioo ndani ya maji, kwamba kilicho moto zaidi chaweza kweli kutangulia kupoa. Kisha swali likaingia katika ulimwengu wa kwanta. Mwaka 2023 wananadharia Filiberto Ares, Sara Murciano na Pasquale Calabrese, wakifanya kazi mjini Trieste, Italia, walichapisha utafiti juu ya ulinganifu uliovunjika. Ulinganifu na kuvunjika kwake ni miongoni mwa nguzo za fizikia ya nishati kubwa. Ndimo inamosimama habari ya chembe ya Higgs. Wao walionyesha kwamba kundi la chembe lililovunjika ulinganifu zaidi laweza kuurudisha upesi kuliko lile lililovunjika kidogo. Kwa sababu ya mfanano huo, jambo hilo linaitwa tukio la Mpemba la kwanta.

Mwaka 2024 utabiri huo ulionekana kwa macho ya vipimo. Ilikuwa Innsbruck, kwa ioni 12 za kalsiamu zilizopangwa mstarini.

Ndugu mwalimu, tafakari njia hiyo: kutoka jokofu la Lushoto hadi mashine ya kwanta. Ingalikatika mapema kama mtoto yule angaliketi na kunyamaza, au kama mgeni yule angalicheka pamoja na waliocheka.

6. Yampasayo mwalimu

Kutokana na hayo twatoa mashauri manne kwa mwanachuo anayekwenda mazoezini.

Kwanza, atofautishe swali linalopoteza muda na swali linalozidi somo. Swali linalozidi somo liandikwe pembeni mwa ubao, pamoja na jina la aliyeuliza, mbele ya darasa zima. Kazi hiyo haichukui hata nusu dakika, nayo humwambia mtoto kwamba swali lake limepokelewa.

Pili, asiogope kusema "Sijui". Osborne alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, na hakulijua jibu. Alichofanya ni kuongeza neno la pili, yaani kwamba jambo hilo litapimwa. Mwalimu asemaye "Sijui, hebu tupime" hapungukiwi heshima. Amewaonyesha watoto jinsi sayansi inavyofanya kazi.

Tatu, atafute kasha lake la udongo. Kila jambo kubwa mno au dogo mno lina kitu kinacholiiga, ambacho mtoto aweza kukishika: bao na maharage kwa hesabu inayoongezeka maradufu, karai la maji kwa mawimbi, chaki kwa mgawanyo wa maada. Kisha, na hili lisisahauliwe, awaulize watoto ni wapi mfano unafanana na jambo lenyewe na ni wapi unaachana nalo. Asipofanya hivyo watoto wataondoka wakidhani kwamba chembe ni maharage madogo.

Nne, ayalete majina ya karibu. Mwezi Agosti 2016 Shule ya Afrika ya Fizikia ya Msingi, inayowakusanya vijana wa bara letu wanaosomea mambo haya, ilifanyika Kigali, ng'ambo ya Mto Kagera. Mwaka 2018 Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Misingi ilizinduliwa mjini humo humo. Mtoto wa Kashozi akisikia habari hizo hatadhani tena kwamba elimu ya chembe ni ya Ulaya na Marekani pekee.

Hitimisho

Sheria za chembe zinajulikana kwa sehemu kubwa, lakini hesabu zake zinawalemea hata wenye mashine kubwa kabisa. Kwa hiyo wameamua kuviuliza vitu vyenyewe: wameshika ioni chache, wakazipanga zifanane na jambo wanalolitafuta, kisha wakatazama. Mpemba alifanya hivyo kwa bilauri mbili, na mwalimu wa jiografia hufanya hivyo kwa makasha mawili.

Mtoto wetu wa darasa la sita hakuhitaji kuelezwa habari za kyubiti siku ile. Ilimtosha kuambiwa kwamba swali lake ndilo swali la watu waliojenga handaki la kilometa 27, kwamba sehemu ya jibu inajulikana, na kwamba sehemu ya pili ingali inatafutwa. Hayo yangalichukua dakika mbili katika kipindi cha dakika arobaini. Sisi tulizihifadhi dakika hizo mbili, na hata leo hatujui tulizitumia kwa jambo gani lililokuwa bora zaidi.